Madoa kwenye majani ya mikorosho: ni fangasi mpya?

Mkuu nimekusoma, majani ya mikorosho yako yana madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi, hayafanani na picha yoyote uliyoona, ndo unauliza kama ni fangasi mpya. Kiukweli kwa macho huwezi kujua, fangasi tofauti kabisa wanaweza kutoa doa lilelile, na mmoja akabadilika sura kulingana na umri wa jani na mvua.

Kabla hujapiga dawa, chuma majani ambayo doa bado linakua, maana pale ukingoni jani bichi linapokutana na lililokufa ndo fangasi yuko hai. Weka kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki, yataoza tu, kisha peleka maabara ya magonjwa ya mimea.

Huko watamuotesha, wataangalia spora (vijimbegu vyake vidogo sana) kwa hadubini halafu wapime DNA. Hapa uwe makini, waulize wamepima jeni ngapi, kwa sababu kipande cha DNA kinachoitwa ITS peke yake hakitoshi kutenganisha spishi za jamii za fangasi kama Colletotrichum. Pia lazima wampandikize kwenye majani yasiyo na ugonjwa, madoa yaleyale yatokee na atolewe tena humo, bila hivyo anaweza kuwa mpangaji tu na sio anayeleta ugonjwa.

Sampuli usitume nchi nyingine bila kibali cha karantini. Na miche ya shamba hilo usigawe kwanza, tafadhali.