Ni Mkebe Upi wa Nyanya Unaofaa kwa Pizza? Jibu Langu

Juma lililopita niliandikiwa na dada mmoja wa Bukavu ambaye ameanza kupika pizza za kuagizwa kwa sikukuu za kuzaliwa. Swali lake lilikuwa fupi: «Yaya, ni mkebe upi wa nyanya unaofaa kwa sosi, maana yangu inatoka kali na wateja wanaiacha pembeni ya sahani?» Nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lenyewe halijaniondoka, kwa sababu wengi wetu tunaopika kwa kuuza hapa Kivu, mashariki mwa Kongo, tunatoa pesa nyingi kununua mikebe iliyosafiri bahari na mabara, ilhali nyanya mbichi zinarundikwa kila asubuhi mbele ya macho yetu. Jibu langu, mdogo wangu, ni kwamba hakuna mkebe unaofaa. Pika sosi yako mwenyewe.

Ninayo haki ya kusema hivyo. Nilipoanza kazi hii mjini Goma, nikiwa na tanuri dogo la gesi na mbabula mmoja, yaani jiko la makaa, uani, nilipeleka kionjo kwenye mgahawa ambao sitautaja, nikitumaini kupata soko. Mwenye mgahawa alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza nyanya zimetoka wapi. Nilipomwambia kwamba ni za soko la Virunga, aliweka uma chini na kunieleza, mbele ya wafanyakazi wake wote, kwamba wageni wake ni watu wa mashirika, kwamba hawawezi kulishwa «tomati za Birere», yaani nyanya za mitaani kwetu, na kwamba pizza ya kweli inataka nyanya za Italia. Niliondoka na bakuli langu. Leo mgahawa huohuo huniagiza sosi karibu kila Ijumaa, na anayenipigia simu ni yeye mwenyewe, akiniita «Mama» kwa heshima zote. Sijawahi kumkumbusha maneno yake, ila sikuyasahau, na nikiri kwamba bei anayolipa si ile ninayowatoza wengine.

Alichokuwa hakijui ni kwamba hata nyanya za Italia hazikuumbwa Italia. Ziliingia Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16, na zile zinazosifiwa kuliko zote kwa pizza, za aina ya San Marzano, hulimwa chini ya mlima Vesuvius, katika udongo uliotokana na volkeno. Sisi tunaokaa chini ya volkeno ya Nyiragongo hatuna haja ya kufundishwa udongo huo ni nini. Hata hivyo udongo peke yake haupiki sosi, na San Marzano inapendwa kwa sababu nyingine iliyo wazi zaidi: ni ndefu, ina nyama nene na mbegu chache. Sokoni kwetu utakuta aina mbili. Zipo za mviringo, zinazong'aa na kujaa maji, ambazo zinafaa kwa kachumbari. Zipo na ndefu zenye umbo la yai, nyingine zikitoka Rutshuru, nyingine zikivuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, vichwani mwa akina mama wanaotoka Rubavu. Nunua hizo ndefu, zilizoiva hadi karibu na kikonyo, na usikubali mwuzaji akufunike macho kwa matabishi, kwa maana nyanya tatu za bure zilizo mbichi zitakuharibia beseni zima.

Sasa nieleze kwa nini naisisitiza nyama ya nyanya. Karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji, na kazi yote ya sosi ya pizza ni kuyaondoa maji hayo kabla hayajaufikia unga. Watu huangalia video za wapishi wa Napoli, wakaona nyanya zinavunjwavunjwa mbichi kwa mkono, zikatiwa chumvi na kupakwa moja kwa moja, nao wakafanya vivyo hivyo. Hawajiulizi moto ule ni wa namna gani. Tanuri la kuni la Napoli lina joto la nyuzi zaidi ya 400, na pizza hutoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Tanuri zetu za nyumbani hazipiti nyuzi 250 kwa urahisi, pizza inakaa humo dakika kumi na zaidi, na muda huo wote nyanya mbichi inamwaga maji yake hadi unga wa katikati unalainika kama uji. Kwa tanuri ya nyumbani, basi, sosi inapikwa kwanza.

Chukua kilo mbili. Chora msalaba mdogo kwenye kitako cha kila nyanya, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, uzihamishie kwenye maji baridi, na ganda litatoka lenyewe. Zipasue, utoe mbegu, lakini usimwage ule ute unaozizunguka, maana humo ndimo ladha ilimokaa. Uchuje na kuurudisha. Kaanga kidogo kitunguu saumu katika mafuta, kwa moto mdogo, ukikitoa au kukifunika kwa nyanya mara tu kinaponukia, kwa sababu kikigeuka rangi ya kahawia kinatia uchungu. Kitunguu cha kawaida mimi sikitumii. Mafuta ya mawese pia hapana, hata kama mama mkwe ameshauri. Ninayapenda kwenye sombe, si hapa.

Sufuria isiwe ya aluminiamu. Hizi sufuria za kuyeyushwa ambazo tunazo sote ni nzuri kwa fufu na maharagi, lakini ukali wa nyanya unakula aluminiamu na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Tumia ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Weka juu ya makala yaliyofunikwa jivu nusu, bila kifuniko, uendelee kukoroga kwa muda wa saa moja hivi. Sosi iko tayari unapopitisha mwiko chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi bila maji kuirudia. Kilo mbili zitakupa kama gramu 700, na chumvi itiwe wakati huo, kwa sababu iliyotiwa mwanzoni huzidi maji yanapopungua. Majani ya mrehani yararue mbichi mwishoni kabisa.

Kuhusu ukali uliokusumbua, mdogo wangu, usiufukuze kwa sukari kijiko juu ya kijiko. Sukari inauficha tu, kisha inaungua juu ya pizza. Nyanya iliyoiva vizuri haihitaji hata chembe, na ikibidi, tia baking soda kidogo sana, chini ya robo kijiko cha chai, nayo itapoza ukali wenyewe. Lakini hapa ndipo ninapogombana na vijana wenzetu: wanataka kuuza leo kile walichojifunza jana usiku, hawataki kusimama saa moja mbele ya mbabula, wakishashindwa wanalaumu wateja kwamba hawajui kula. Mteja anajua. Anayeacha sosi pembeni ya sahani amekwambia kila kitu, na ni utovu wa adabu kutomsikiliza.

Uliuliza pia kama unaweza kuitia sosi katika chupa na kuipeleka Uvira kuuzwa. Hapana. Goma na Bukavu ziko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na chupa iliyochemshwa kwa muda ulioandikwa kwa ajili ya watu wa pwani haijachemka vya kutosha. Vijidudu vinavyobaki ndani ya chupa iliyofungwa vinaweza kuua bila kuharibu harufu wala rangi. Katika friji sosi inakaa siku nne, ikiwa umeme haukukatika. Inayobaki igandishe katika mifuko ya gramu 250, ukiandika tarehe juu ya kila mmoja. Mfuko huo unatosha pizza tatu za upana wa sentimita 30.