Tremblay, Beaulieu na akina Marie: majibu ya maswali yenu ya nasaba

Safari hii karibu barua zote zinahusu Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, nyingi zikitoka kwa waliooa au kuolewa huko.

Mke wangu ni Tremblay wa Montréal, na jirani yetu pia ni Tremblay. Ni ndugu?

Ndiyo. Akina Tremblay wa Québec wanarudi kwa Pierre Tremblay, aliyemwoa Ozanne Achon mwaka 1657, wakazaa watoto 12. Ila undugu wa mbali hivyo hauwaruhusu kuingia kwa jirani bila hodi.

Babu wa mume wangu alibatizwa Hudon, akazikwa Beaulieu. Karani alikosea?

Hii ni barua ya tatu kumlaumu karani, na bado namtetea. Huyo ni *Hudon dit Beaulieu*, na "dit" maana yake ni "aitwaye". Majina mengi ya namna hii yalitoka jeshini: kikosi cha Carignan-Salières cha Ufaransa kilitua Québec mwaka 1665, na askari walikuwa na majina ya kambini kama Lafleur au Latulippe. Mia nne hivi walibaki, wakaoa, na jina la kambini likarithiwa. Mengine yalitokana na kijiji mtu alikotoka. Ndugu wa tumbo moja waliweza kugawana, huyu Hudon, yule Beaulieu. Kwa hiyo tafuta majina yote mawili, na usimfanye mtu mmoja kuwa wawili.

Mbona mabibi wote wanaitwa Marie na mababu wote Joseph?

Ndivyo walivyobatiza. Mtoto akiandikwa Marie Angélique Louise, Marie ni la Bikira, Angélique mara nyingi ni la mama wa ubatizo, na Louise ndilo aliloitwa nyumbani. Anza kusoma kutoka mwisho.

Nitajuaje bibi alikuwa binti wa nani kabla ya kuolewa?

Hapo umebahatika. Kwetu Asha akishazaa anakuwa Mama Juma, na baada ya vizazi viwili hakuna anayejua babake Asha aliitwa nani. Padri wa Québec alimwandika mwanamke kwa jina la ukoo wake hata alipomzika akiwa kikongwe. Tangu Aprili 1981 sheria yenyewe inataka kila mwanandoa abaki na jina lake.

Anza na ndoa, usianze na ubatizo. Ukurasa wa ndoa kwa kawaida unataja bwana harusi na wazazi wake, bibi harusi na wazazi wake, kila mama kwa jina la ukoo wake, na kama mzazi ni marehemu. Halafu mashahidi, na pale chini kabisa: "wamesema hawajui kusaini". Ukurasa mmoja unakupa ndoa mbili za kutafuta, na hizo mbili zinakupa nne. Tatizo lenu mnanakili mti wa mtu mwingine mtandaoni, naye kanakili kwa mwingine, na kwenye daftari la parokia hakuna aliyefika.

Nimepata mti unaonifikisha kwa Charlemagne, yule mfalme wa kale wa Ulaya!

Umefungua rejista ngapi?

Ukoo wetu wa Massachusetts ni Greenwood, lakini bibi alisali kwa Kifaransa.

Tafuta Boisvert, maana Greenwood ni tafsiri yake ya Kiingereza. Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Québec kwenda Marekani, wengi kwenye viwanda vya nguo vya miji kama Lowell na Manchester, na huko majina yalitafsiriwa: Roy akawa King, Leblanc akawa White. Wengine waliandikwa kwa sikio tu, Benoit akageuka Benway. Litamke jina kwa sauti kabla ya kuniandikia.

Ni kweli "mabinti wa mfalme" walikuwa makahaba?

Si kweli. Walikuwa wanawake wapatao 770, wengi wao yatima, waliolipiwa safari na mfalme wa Ufaransa kati ya 1663 na 1673 waende kuolewa Québec. Anayewatukana huenda anamtukana bibi yake.

Kwa nini tarehe za parokia ya mji wa Québec za kabla ya 1640 hazieleweki?

Kanisa liliungua mwaka huo pamoja na madaftari. Mnachosoma kiliandikwa upya kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini.