Kinga ya Goma huanza na tairi

Mtu akitaka kununua kinga, yaani baiskeli, hapa Goma, kwanza huuliza uzito wa fremu, halafu idadi ya gia. Tairi analikumbuka mwisho, akiwa ameshatoa franga zote. Mji huu ungetaka afanye kinyume.

Ukiiacha lami ya barabara kubwa ukaingia Mabanga, Majengo au Ndosho, unakanyaga lava. Sehemu yake ni ile ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002, na chini yake kuna nyingine ya kale zaidi. Jiwe la mtoni limelambwa na maji hadi likawa laini. Jiwe la lava lina vitundu kama mkate, na likivunjwa kila kitundu kinabaki na ukingo wa kukata kama kigae cha chupa. Mvua ikinyesha hali inazidi, kwa kuwa maji hulainisha njia ya kile kigae na mpira uliolowa hukatika upesi kuliko mkavu. Kwa hiyo tairi hukaguliwa baada ya mvua. Usisubiri Jumamosi.

Wapo bado wanaoamini kwamba tairi jembamba na gumu ndilo lenye mwendo. Hata mashindanoni imani hiyo imekwisha. Zamani waendeshaji wa kulipwa walitumia tairi la upana wa milimita 23 na hewa ya bar 8 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) au zaidi. Siku hizi wengi wako kati ya 28 na 32, kwa bar 5 au pungufu, na hapo tunazungumzia lami. Tairi gumu likigonga jiwe linaruka, na kila likiruka linamnyanyua mtu na baiskeli yake. Nguvu ya miguu inaishia hewani. Tairi pana lenye hewa ya kiasi hulimeza jiwe na kusonga mbele. Ndiyo sababu kwenye Paris–Roubaix, mbio za kilomita 259 hivi ambazo zaidi ya 50 kati yake ni za mawe, hutaona tena yale matairi ya uzi. Na si lazima kwenda Ulaya kuliona hilo: mashindano ya dunia ya Septemba 2025 yalifanyika Kigali, na mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilipita kwenye vilima vyenye mawe. Tadej Pogačar alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Ila usiwaige kwa kila kitu. Nyuma yao kuna gari lenye magurudumu ya akiba, ndiyo maana wanathubutu kutumia tairi lenye ubavu mwembamba kama karatasi. Iga upana na hewa. Ubavu tafuta mnene.

Kwa gurudumu la inchi 26, chukua upana wa inchi 1.75 hadi 2.1. Kwa lile la 700C, milimita 40 au zaidi ikiwa fremu inapokea, na usishuke chini ya 35. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na fremu: zibaki angalau milimita 5 kila upande, la sivyo kijiwe kitakwama hapo na kuila rangi, kisha chuma. Tangazo la "haitoboki" lisikudanganye. Ule mkanda wa kuzuia kutoboka uko chini ya sehemu inayokanyaga tu, na lava ya Goma hukata ubavuni. Dukani libinye ubavu kwa vidole viwili. Likijikunja kama kitambaa cha shati, lirudishe.

Kosa lingine la dukani ni namba. Kuna "28" mbili ambazo si ndugu. Baiskeli nzito za kubebea mizigo nyingi huchukua 28 x 1½, ambayo kipimo chake cha kweli, yaani kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, ni milimita 635. Zile za kisasa za 700C ni 622, ingawa baadhi nazo huandikwa 28. Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho, lakini tairi la 635 kwenye rimu ya 622 litachomoka, na la 622 kwenye rimu ya 635 halitaingia hata fundi atoe jasho. Soma namba ndogo ubavuni, kama 47-622: upana, kisha kipimo cha rimu. Kuhusu valvu, chagua ile nene kama ya pikipiki. Popote motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria, anapojaza hewa, nawe utajaza. Ile nyembamba ya baiskeli za mbio inahitaji pampu yake au kiunganishi, na kiunganishi ni kitu kidogo kinachopotea siku unayokihitaji.

Hewa sasa. Mtu wa kilo 75 asiye na mzigo, kwenye tairi la inchi 2, aanze na bar 2.3 mbele na 2.7 nyuma. Akiweka kilo 15 kwenye keria, nyuma iende 3.2 hivi. Kwa milimita 40, ongeza kama nusu bar mbele na nyuma. Pampu nyingi zina kipimo cha psi, na bar moja ni psi 14.5. Kubonyeza kwa kidole gumba kunadanganya, maana bar 3 na bar 5 kwa kidole ni kitu kimoja.

Mpira wa ndani wenyewe hukuambia ulikosea wapi. Ukikuta matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, jiwe liliusaga mpira kwenye rimu: hewa ilikuwa kidogo. Tundu moja upande wa nje ni kigae au msumari. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni ncha ya spoki au utepe wa rimu uliosogea, na hapo ukiziba mara kumi utatoboka mara kumi na moja.

Kiraka kina adabu yake. Kabla ya kuutoa mpira, tia alama kwenye tairi mahali valvu ilipokuwa, ili ukilipata tundu ujue kigae kimejificha wapi. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa, si kidole, kwa sababu kigae cha lava ni cheusi kama tairi lenyewe na kitakukata kabla hujakiona. Piga msasa mpaka mng'aro wa mpira uishe, sehemu pana kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, halafu subiri dakika tano. Kila mtu anakosea hapa: anabandika ikiwa bado inateleza, na kiraka kinaanza kuvuja kabla hajafika nyumbani. Gusa pembeni, ikiwa haishiki kidole tena, bandika na ukandamize kwa dakika mbili.

Ubavu uliochanika hauzibwi kwa kiraka cha ndani, kwani mpira utajitokeza kwenye ufa kama puto na kupasuka. Kata kipande cha tairi kuukuu jembamba, sentimeta 4 kwa 6, punguza kingo zake kwa kisu ziwe bapa, kiweke ndani ya tairi nyuma ya ufa, kisha jaza hewa. Ukikosa, bomba tupu la dawa ya meno lililokatwa litakufikisha. Vitabu vya wasafiri husema tumia noti, lakini franga mia tano za kwetu zimeshachoka kabla ya safari. Ufa ukizidi sentimeta moja, shona: uzi wa nailoni wa wavu wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), sindano nene, mishono yenye umbo la X, kila tundu milimita 4 kutoka kwenye ufa. Ukishona karibu zaidi uzi unakata mpira. Fundo libaki nje, na ndani ufunike mishono yote kwa kile kipande, la sivyo uzi utautoboa mpira taratibu. Tairi lililoshonwa liweke mbele? Hapana, nyuma. Likipasuka mbele kwenye mteremko hutapata nafasi ya kufikiri.

Matairi yasiyo na mpira wa ndani, yenye maziwa ya kuziba, ni mazuri mahali penye kompresa na duka la maziwa hayo. Maziwa hukauka baada ya miezi michache, na hayazibi ufa wa ubavuni. Kwa Goma, kaa na mipira miwili ya akiba.

Kwa safari ya mbali, tuseme Sake, kilomita 25 hivi, au kupanda kuelekea Kibumba, habari za njia uliza asubuhi ileile. Keria ya chuma ni bora kuliko ya aluminiamu, kwani chuma kikivunjika mchomeleaji yeyote atakirudisha. Mtikisiko wa mawe hufungua bolti, kwa hiyo tumia nati zenye nailoni ndani na uzikaze upya baada ya kilomita 20 za kwanza. Mikoba ya gharama si lazima. Dumu mbili za njano za lita 20, zilizokatwa juu na kufungwa kila moja ubavu wake kwa ukanda wa mpira wa ndani, hazipitishi maji. Beba spoki mbili za upande wa gia, ambako ndiko hukatika, na hakikisha urefu wake ni wa gurudumu lako.

Mjini, jambo moja. Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, likiwa na viazi au makabichi likitelemka kutoka upande wa Kibumba, lipishe. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma, na mzigo wake huhesabiwa kwa mamia ya kilo. Kulipita si shida. Shida ni kulipita kisha ukafunga breki mbele yake kwa sababu ya shimo. Ukilipita, endelea mpaka pafunguke kabla ya kupunguza mwendo, na kama mbele huoni vizuri, baki nyuma yake upande wa kushoto, ambako mwenyewe akigeuza kichwa atakuona.