Bizari ipi inaingia kwenye pilau? Jibu kwa aliyepika pilau ya njano

Mdogo wangu, umeuliza mawili. Kwanza, kwa nini pilau yako ya Jumapili imetoka ya njano na inanukia "kama dawa ya kienyeji" wakati ulifuata maelekezo yote. Pili, kwa nini biriani ikiwa ya njano hakuna anayesema kitu, ila pilau ikiwa ya njano watu wanacheka. Sikuhitaji kusoma mpaka mwisho kujua kilichotokea, maana na mimi yalishanikuta. Uliandikiwa "bizari", ukaenda dukani kwa Mangi ukasema nipe bizari, naye akakupa pakti ya unga wa njano. Mangi hana kosa. Uliomba bizari, na ile ni bizari.

Neno lenyewe ndilo lenye balaa. Hapa Dar bizari (wengine husema binzari) ni kama jina la ukoo, ukiliita mlangoni wanatoka watu watatu. Kuna bizari nyembamba, hizi ni mbegu, na ndiyo ya pilau. Kuna bizari ya manjano, ambayo inachimbwa ardhini kama tangawizi, na kweli ni ndugu yake tangawizi, kisha inakaushwa na kusagwa. Halafu kuna bizari ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko: manjano kwa wingi, giligilani, uwatu, pilipili, na nyembamba kidogo. Wazanzibari wamejiepusha na kesi hii kwa sababu nyembamba wanaiita uzile. Maduka ya viungo ya Wahindi pale Kisutu ukisema jira tu umemaliza, hakuna maswali.

Yangu ilikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa, Idi, nyumbani kwa wakwe Ilala. Mama mkwe akasema pilau leo atapika bi harusi. Mchele kilo tano. Mimi kwa shangazi yangu, mpishi wa shughuli Buguruni, nilifundishwa viungo kwa pua, sio kwa jina, lakini siku hiyo nilikuwa na mafua makali na viungo vyote vimo kwenye makopo ya maziwa yasiyo na maandishi. Nikamuuliza wifi, bizari iko wapi? Akanyoosha kidole. Nikachota vijiko vitatu vya kujaa. Mafuta yalipogeuka njano moyo ukanidunda, lakini nyama ilishaingia. Mama mkwe alikuja akafunua sufuria, akatazama, akafunika. Hakusema kitu mpaka wakati wa kupakua, ndipo akawaambia wageni, "Leo tunakula biriani, rosti iko njiani."

Haikuishia hapo. Baba mkwe akajimwagia pilau ile kwenye kanzu. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kujisafisha, nikaichukua mwenyewe nikaisugua kwa sabuni ya mche. Doa likawa jekundu! Jekundu kama damu, mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Wifi akacheka, akachukua ndimu, akakamulia, doa likarudi njano. Ndiyo tabia ya manjano: ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu, ikikutana na kitu kichachu inarudi rangi yake. Kinachoiondoa hasa ni jua. Kanzu ilikaa kwenye kamba siku mbili ikawa nyeupe.

Fedheha ile imenipa kipimo ninachokitumia mpaka leo. Chukua chembe ya unga uliouziwa, uloweshe kwa maji ya sabuni kwenye kisahani cheupe. Ukiona wekundu, humo mna manjano, iwe yenyewe au ndani ya bizari ya mchuzi. Nyembamba iliyosagwa itabaki na ukahawia wake. Jaribu na hiyo pakti yako utaniambia.

Lakini kuna jambo ambalo naona wengi wanaojibu swali kama lako hulipita. Hata ungepata bizari sahihi, pilau isingekuwa ya kahawia kwa sababu ya bizari. Rangi ya pilau ni kitunguu. Kwa kilo moja ya mchele mimi nakata vitunguu maji vinne vikubwa, vyembamba, na mafuta siyabanii. Vinaanza kwa kutoa maji, vinalegea, vinakaa hivyo muda mrefu bila dalili yoyote, na hapo ndipo watu wengi huchoka wakatia nyama. Usichoke. Punguza moto, endelea kugeuza. Kingo zitaanza kushika rangi, na kuanzia hapo usiguse simu, maana mwendo unabadilika ghafla. Unataka rangi ya tende. Ikipita tende ikaelekea mkaa, mwaga uanze upya, uchungu ule haufichiki. Ikifika tende, tia nusu upawa wa supu ya nyama uliyochemsha. Sufuria itapiga kelele, na utaona vitunguu vinaachia rangi yote kwenye ule mchuzi. Ndiyo hiyo itakayoingia kwenye mchele. Wapo wanaounguza sukari ili wapate rangi upesi, wapike kwao.

Baada ya hapo ni kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, nyama, viazi ukipenda, halafu viungo. Nyembamba vijiko viwili vya chakula, nizikaange kavu kidogo kisha nizitwange muda huohuo, kwa sababu ikishasagwa harufu inakimbia siku hadi siku. Pilipili manga kijiko cha chai, iliki saba au nane, karafuu sita, mdalasini vijiti viwili. Karafuu usizidishe, ndizo zinazofanya pilau inukie kama kwa daktari wa meno.

Kuhusu biriani, pale njano inawekwa kwa makusudi, tena juu juu. Wali unapikwa peke yake, rangi inanyunyiziwa mwishoni, ndiyo maana unakuta punje nyeupe na za njano pamoja. Rangi yenyewe kwa asili ni zafarani, nyuzi tatu tu kwa kila ua, na kilo moja inataka maua zaidi ya 100,000. Sasa piga hesabu ya sahani ya biriani ya mtaani kwetu uone kama zafarani inaweza kuwemo. Nyingi ni rangi ya chakula ya unga.

Ukienda kununua tena, iwe Kariakoo, Tandika au popote, nunua nzima. Unga unaweza kuchanganywa na chochote, mbegu unaiona. Nyembamba ni nyembamba kweli, ina mistari kwa urefu, rangi ya majani makavu. Isije ikachanganywa na shamari, ambayo ni nene zaidi, ya kijani kijani, na ukiitafuna ina utamu. Sugua chache kiganjani, nusa. Ikinukia pilau, ndiyo yenyewe. Na ukiwa na mafua mtume mtu.

Hiyo pakti ya njano usiitupe. Nusu kijiko kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, pamoja na ndimu, inakaa vizuri sana. Ila vaa kanga ya zamani.