Usiguse kichaka kabla hujasaini

Dada mmoja wa Abilene, hapa Texas, ameniandikia: "Kaka, eti serikali ya huku inakulipa ukate vichaka vyako mwenyewe? Kama ni kweli, mbona unatuficha?" Sijaficha kitu. Nilikuwa nasubiri malipo yaingie ndipo niseme, kwa sababu nimeshachekwa vya kutosha. Sasa yameingia, na pale ambapo mbuzi wangu walikuwa wanaambulia miiba kuna nyasi. Kwa hiyo nasimulia, tena kwa kifua mbele.

Kwanza jibu la dada: serikali hailipi, inachangia. Mpango wenyewe ni EQIP, wa kuwachangia wakulima na wafugaji gharama za kuhifadhi ardhi, ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1996, na unaendeshwa na NRCS, idara ya uhifadhi wa maliasili iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mfugaji wa kawaida huchangiwa hadi asilimia 75 ya gharama iliyokadiriwa. Ambaye hajapitisha miaka 10 kwenye ufugaji huhesabiwa kuwa anayeanza, na kwake mchango unaweza kufika asilimia 90. Anaweza pia kuomba angalau nusu itangulizwe, mradi aitumie ndani ya siku 90. Nasema gharama iliyokadiriwa, yaani kiwango cha ofisi kwa kila ekari, si risiti utakayoleta. Mwenye buldoza akikukomoa, tofauti ni yako. Kuna na sharti kwamba, kwa kawaida, wastani wa mapato yako usizidi dola 900,000 kwa mwaka. Hilo halijawahi kuninyima usingizi.

Adui wangu alikuwa meskiti, mti wa miiba, ndugu wa damu wa mathenge anayewatesa watu wa Baringo kule Kenya. Mimi nimekulia nyuma ya mbuzi, miiba siiogopi, lakini mti huu una ujanja. Ukiukata kwa msumeno umeufanyia hisani. Macho yake ya kuchipua yamejificha chini ya udongo, pale shina linapokutana na mzizi. Ukikata juu yake yanaamka yote, na palipokuwa na shina moja unapata kichaka kizima. Ama uung'oe kwa mashine inayopita chini ya macho hayo, ama uupige dawa. Miche yenye gome laini niliimaliza mwenyewe kwa triklopiri, dawa ya kuua vichaka, iliyochanganywa na dizeli: unapulizia shina la chini pande zote, na ndani ya dawa unatia rangi ya buluu ili usirudie mti uliokwisha kuupuliza. Jioni nilikuwa narudi nyumbani na buti la buluu, suruali ya buluu, ndevu za buluu. Kupuliza majani ni habari nyingine, maana lazima udongo, inchi 12 kwenda chini, uwe umefika nyuzi 75 za Fahrenheit, vinginevyo unaiosha miti tu.

Mwerezi nao, kama wanavyouita huku, uko wa aina mbili. Ule wa vilima vya katikati ya Texas, Juniperus ashei, ukikatwa chini kabisa haurudi. Wa magharibi, Juniperus pinchotii, unachipua tena. Mjue wako kabla hujaita mtu wa mashine. Na mwerezi mzee usiuguse kabla ya kuuliza: kuna ndege mdogo mwenye mashavu ya dhahabu anayejenga kiota kwa maganda ya mti huo, na tangu 1990 ndege huyo analindwa na sheria.

Sasa kidonda. Kuna bwana mmoja wa kwetu alinijia na mkoba wake, akaniambia anafahamiana na watu, nimpe "kitu kidogo" anijazie fomu. Nikakataa. Mwaka wa kwanza ombi langu halikupita, kwa sababu maombi hupangwa kwa alama na fungu likiisha limeisha. Ni jambo la kawaida kabisa. Lakini yule bwana alisimama harusini, mbele ya wakwe zangu, akatangaza kwamba kuna watu wanajifanya wajuaji kumbe wanalala njaa na makaratasi yao. Ukumbi ukacheka. Simtaji jina, anajijua.

Nisikilizeni basi. Kuomba ni bure. Fomu yenyewe ya ombi, CPA-1200, ni bure. Mtaalamu anayekuja kulitembea shamba lako na kukuandikia mpango wa malisho hakutozi hata senti. Ombi lisilochaguliwa linaweza kusogezwa hadi awamu inayofuata, na langu ndivyo lilivyopita, bila mkono wa mtu.

Katika ule mwaka wa kusubiri, jirani alikuwa na mashine pale pale ng'ambo ya uzio, akanipa bei ya mteremko. Nilitamani! Lakini kazi iliyoanza kabla ya mkataba kusainiwa hailipwi. Narudia kwa walio nyuma: hailipwi. Mteja mmoja wa yule bwana wa harusini alitanguliza buldoza, akabaki na shamba safi na deni.

Miezi ya makaratasi nairuka, hata mimi nilikuwa nasinzia. Siku ya ukaguzi ndiyo tamu. Mtaalamu alizunguka mipaka na GPS yake kimya kimya, kisha akainama, akaokota kisiki kimoja kilichong'olewa, akakigeuza juu chini na kukisugua udongo kwa kidole gumba akitafuta yale macho. Akayaona yote yako juu pamoja na shina, hakuna lililobaki ardhini. Akaandika. Mwenzenu nikavuta pumzi.

Vijana wangu, wengi mnataka ranchi ya kupigia picha na kofia kubwa. Ranchi ni subira. Baada ya kuondoa vichaka unapumzisha malisho, mifugo inakaa nje huku nyasi zinakuona na wewe unaziona. Kisha miche inayorudi unaishughulikia, kwa sababu kazi hii huhesabiwa kuwa na maisha ya miaka 10 na umesaini kuitunza. Malipo nayo ni mapato, IRS, watu wa kodi, wanapata nakala yake, kwa hiyo usiyale yote. Na nimeshasema kuhusu kusaini kwanza? Saini kwanza.

Dada, umeniuliza pia kama aliyekodi shamba anaweza kuomba. Anaweza. Anza ofisi ya FSA ya kaunti yako, idara nyingine ya Wizara hiyo hiyo ya Kilimo, upate namba ya shamba, halafu uende NRCS. Ila uwe na haki ya kulitumia shamba hilo kwa muda wote wa mkataba, na idhini ya mwenye ardhi uwe nayo kwa maandishi. Kama kukodi kwako kunaisha mwakani, mazungumzo ya kwanza ni na mwenye ardhi.