Umeshaipiga seva upya mara mbili? Ya tatu usiipige

Juzi usiku msomaji mmoja kanitumia ujumbe, seva ya imeili aliyofunga kwenye mtandao mkubwa wa kazini kwao inagoma, ameshaipiga upya, yaani kuifuta yote na kuifunga tena, mara mbili, na sasa anauliza ajaribu toleo gani lingine la Linux, ule mfumo unaoendesha seva. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi kabisa.

Mi yangu ilikuwa makao makuu na matawi kama ishirini, kila tawi na kiseva chake kinachopokea imeili kupitia VPN, njia ya faragha inayounganisha ofisi juu ya intaneti. Wikiendi nzima niko na Postfix, programu inayosafirisha imeili, na Dovecot, inayowafungulia watu masanduku yao, sitakuchosha na hayo. Jumapili usiku nikatuma imeili yenye neno moja, "jaribio", kwenda kila tawi, zote zikafika, nikalala usingizi wa pono.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu zikaanza. Imeili fupi zinaenda, yenye kiambatisho haifiki tawi lolote. Jamaa wa mtandao akaapa fayawoli, ule mlinzi anayechuja kinachopita mtandaoni, haina shida, "si unaona ping inapita?" Ping ni kijumbe cha kuuliza mashine ya pili kama ipo. Bosi akaniuliza mbele ya watu wote, kwani hii kazi unaiweza? Hilo swali mpaka leo nalisikia.

Basi kwa hasira nikaipiga seva upya. Ikawa vilevile. Nikaipiga tena na tena, na hapa ndo pananiuma, maana Postfix ikishindwa kupeleka imeili haiitupi, inaiweka kwenye foleni na kuendelea kujaribu, kwa kawaida mpaka siku 5 ndo inamrudishia mtumaji. Imeili za watu zilikuwepo zote, salama, pale kwenye folda ya /var/spool/postfix. Nilizifuta mimi kwa mkono wangu nikidhani natengeneza.

Usiku wa pili ndo nikafungua logi, daftari ambamo seva inaandika kila inachofanya, kitu cha dakika mbili. Mstari uleule unajirudia: "timed out while sending message body", muda umeisha ikituma mwili wa imeili. Yaani salamu za mwanzo kati ya seva na seva zinapita vizuri, mwili wa imeili ndo unakwama. Nikapiga ping -M do -s 1472 kwenda tawini, yaani ping yenye baiti 1472 isiyoruhusiwa kukatwa vipande, kimya. Nikashusha mpaka 1372, ikajibu. Ongeza baiti 28 za vichwa unapata 1400, ndo mwisho wa pakiti, kile kifurushi cha data, inayopita kwenye VPN ile, wakati seva inatuma za 1500. Ruta ilikuwa inarudisha ujumbe wa ICMP, zile taarifa ambazo vifaa vya mtandao vinapeana, ping ikiwa mojawapo, kusema pakiti kubwa mno, punguza, ila fayawoli iliruhusu ping tu, ICMP zingine zote imezifunga "kwa usalama". Seva haisikii kitu, inarudia pakiti ileile mpaka inachoka. Na lile neno langu "jaribio" lilikuwa dogo, lingepita popote!

Tukaruhusu ule ujumbe wa ICMP, tukabana na MSS, kikomo cha data kwenye kila pakiti, kwenye ruta, foleni ikaisha kabla sijamaliza chai. Jamaa wa mtandao hajaomba radhi mpaka leo, sawa tu.

Sasa nyie vijana wa seva mnanisikia? Logi kwanza. Soma logi. Kabla hujagusa chochote andika mailq, amri ya kuonyesha foleni, uone nini kimekwama na sababu yake, imeandikwa pale pale. Jaribu na kiambatisho cha megabaiti kadhaa, usijaribu na neno moja kama mi. Na mtu akikwambia mtandao hauna shida mwambie akuonyeshe, usibishane, pima. Kupiga upya si kutengeneza, ni uvivu wa kusoma umevaa nguo za kazi, nasema hivyo kwa sababu niliuvaa mimi.

Wewe uliyeniandikia, nitumie mistari kumi ya mwisho ya logi na matokeo ya hiyo ping. Linux uliyonayo inatosha. Na foleni usiiguse.