Kupoza injini ya pikipiki kwenye foleni

Injini ya pikipiki yako kupata moto sana kwenye foleni si lazima iwe dalili ya ubovu, kwani injini inayopozwa kwa hewa hutegemea upepo wa mwendo, na upepo huo hukoma chombo kinaposimama. Zima injini magari yanaposimama kwa muda, wala usivute mafuta bure. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni oili: pima kiwango chake mara kwa mara na uibadilishe kwa wakati, kwa sababu ndiyo inayobeba joto kutoka sehemu za ndani ambazo hewa haizifikii. Safisha pia matope yaliyoganda kwenye mapezi ya silinda, yaani vile vibati vyembamba vinavyotoa joto la injini. Ikiwa pikipiki ina rejeta, yaani injini yake hupozwa kwa maji, hakikisha feni inazunguka, na tafadhali usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto.